Mashine Nyeupe Haina Kondoo

Nilitoka kupeleka kochi kwa mteja, nikarudi nikakuta mashine yangu ya gemu haipo. Chini ya televisheni palibaki alama ya mraba isiyo na vumbi, na mbele ya alama hiyo alikuwa amechutama kaka yangu mkubwa, uso umejaa tabasamu, anachomeka nyaya za mashine nyingine. Yangu ilikuwa nyeusi. Hii ilikuwa nyeupe, nyembamba, ina taa ya buluu ubavuni. Kaka akaniambia nisiseme kitu kwanza, nitazame tu. Nikatazama. Baba naye alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani, macho ameyakaza pale pale penye alama.

Kaka yangu huyu tangu utotoni tunamwita Bosi, na jina limemkaa mwilini. Ni mtu wa kuamua, halafu anakuja kukuarifu. Akatuarifu basi kwamba ile kuukuu ameipeleka dukani, yenyewe na diski zake zote na pedi zake za kuchezea, akaongeza kidogo juu, akapewa hii mpya. Zawadi kwa Baba, akasema. Alinitazama akingoja nimshukuru.

Mimi nikamuuliza kwa nini. Hapo ndipo aliponifungulia darasa. Akatoa simu, akaanza kulinganisha mashine hizi mbili kama mtu anayeuza kiwanja. Picha za nyeupe ni safi zaidi, unaona hata jasho kwenye shingo ya mchezaji. Nyeupe inawaka upesi, nyeusi unaisubiri mpaka chai ipoe. Nyeupe ina gemu zake yenyewe ambazo nyeusi haitazipata mpaka kiama: ya vita, ya majoka, ya magari ambayo ukiingia kwenye kona unasikia tairi zikilia nyuma ya sikio lako. Nyeusi ina nini? Vigemu. Hilo ndilo neno alilolitumia. Kabati la vigemu vya watoto wa chekechea, na mtu mzima mzima anakaa kucheza navyo.

Mtu mzima mzima alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake. Bosi hakumtazama hata kwa bahati mbaya.

Sina ugomvi na mashine nyeupe, niseme hilo mapema. Mimi ni fundi wa makochi, nashinda na sindano na misumari, na jioni napenda gemu. Nimeicheza nyeupe kwa watu na najua utamu wake. Mbio zake za magari hazina mpinzani. Lakini kampuni zile mbili hazipikiki chungu kimoja. Diski ya huku haiingii kule, na gemu ambayo mmoja anayo mwenzake anajifanya haijui. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, huanzi na jasho la shingo. Unaanza na kuuliza anayecheza ni nani, na anacheza nini. Bosi ni msomi mkubwa, ana ofisi yenye zulia, na swali hilo dogo halikumpitia kichwani.

Baba ni kinyozi. Maisha yake yote ya kazi amesimama nyuma ya viti vya watu, na alikuwa na sheria moja ambayo wateja wake waliizoea hadi wakaichekea: hakugusa kichwa cha mtu kabla hajamuuliza mwenye kichwa. "Nikunyoeje?" Hata mteja aliyekuwa akija na mtindo ule ule tangu ujana wake aliulizwa. Mama mmoja alimleta mwanawe akaamuru anyolewe kipara, Baba akainama akamuuliza mtoto. Yule mama akaja juu, kwani nani anayelipa? Baba akamjibu kwa upole, "Kichwa ni chake, mama. Wewe una chako." Nilikuwa nafagia nywele siku hiyo, na sijamsahau yule mtoto alivyojinyoosha kwenye kiti.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mkono ukawa mzito, maneno yakawa yanatoka moja moja kwa taabu, mengine yanakwama. Nikamleta kwangu. Dada wa mazoezi ya viungo akawa anakuja nyumbani, mtu mwema sana, akamletea mpira laini wa kuminya kila siku. Baba aliuminya mara mbili tatu mbele yake, na dada alipotoka mlangoni akautupa chini ya kabati. Nikiuokota, anautupa tena. Nilimwelewa. Mkono uliopitisha makali kwenye shingo za watu bila kuacha mkwaruzo, leo unaambiwa uminye mpira.

Sasa kulikuwa na gemu moja kwenye mashine yangu nyeusi, gemu ya shamba, iliyotengenezwa na watu wachache na haikutoka kwenye mashine nyingine yoyote. Kazi kubwa humo ni kunyoa kondoo. Unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, unakishikilia, huku kijiti cha pedi unakisogeza taratibu kufuata mgongo wa mnyama. Ukikandamiza sana, kondoo anakupiga teke na kukununia. Siku moja nilikuwa nimekaa nanyoa ovyo, akili iko kwenye kitambaa cha mteja, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Vibaya," alisema Baba.

Tangu atoke hospitali nilikuwa nimemsikia akisema maji, na choo, na basi. Hili lilikuwa neno la kinyozi. Nikageuka, nikakuta anamtazama yule kondoo kwa uchungu wa kweli. Nikampelekea pedi. Vidole havikuweza kuishika, ilikuwa nyembamba mno kwake, ikaanguka. Nikaenda kwenye karakana yangu hapo uani, nikakata sponji, nikaivika ile pedi ikanenepa kabisa, nikaishonea juu yake kipande cha ngozi bandia kilichobaki kwenye kiti cha mtu. Akaishika. Kondoo wa kwanza alimpiga mateke mpaka skrini ikatingishika, na Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Baada ya hapo hakuna aliyemkumbusha mazoezi. Gemu ile inakuruhusu kumpa kila kondoo jina, basi akawa ananitajia kwa shida, mimi naandika: Mwalimu Mkuu, Fundi Saa, Mpiga Pasi, Kichogo. Walikuwa wateja wake, wengine wameshafariki. Kila alipompandisha mmoja kwenye meza ya kunyolea alisita kwanza, akamuuliza nusu kwa sauti, "Nikunyoeje?" Halafu ndipo kidole gumba kinabonyeza. Dada wa mazoezi alipokuja akamshika mkono, akaugeuzageuza, akaniuliza tunampa nini. Nikamwambia kondoo. Alipomaliza kucheka alisema tusimwachishe hata siku moja, maana kidole gumba ndicho kinachorudi, na kikilala sasa huenda kisiamke tena.

Huyo ndiye mtu aliyenyang'anywa mashine kwa sababu haionyeshi jasho.

Nilimweleza Bosi yote hayo siku ile ile, pale pale. Alinisikiliza huku anafunga zipu ya begi. Akasema nyeupe ina gemu lukuki, haiwezekani akakosa moja ya kumfaa mzee, na kwamba mimi napenda kung'ang'ania vitu vya zamani. Akampigapiga Baba begani, akatoka. Zawadi ikabaki inawaka taa yake ya buluu, nami nikabaki nimeshika kiuno.

Nilijaribu, isije ikasemwa sikujaribu. Nilimwekea Baba mpira wa miguu, wachezaji wakamkimbilia kama nyuki akafumba macho. Nilimwekea magari, akagonga ukuta, akagonga tena, akaiweka pedi mapajani. Nikatafuta kila kona ya duka la ndani ya ile mashine: mashamba yapo, mazuri ajabu, mahindi yanapepea, matrekta yanang'aa, lakini kunyoa kondoo ni kubonyeza kitufe mara moja tu na sufu inaanguka yenyewe. Baba alibonyeza. Sufu ikaanguka. Alinitazama kama nimemletea sahani tupu. Siku zilizofuata hakunyoosha mkono tena, na asubuhi nilipomvisha shati niliuona ule mkono umeanza kurudi kulala kama zamani, kidole gumba kimejikunja ndani. Hapo nikaondoka, nikaenda dukani.

Duka lenyewe ni chumba kirefu chenye kuta mbili zinazotazamana. Ukuta huu ni gemu za nyeupe, ukuta ule ni gemu za nyeusi, na katikati anakaa muuzaji kwenye kiti cha kuzunguka ili asilazimike kuinuka. Mashine yangu niliiona papo hapo, iko rafu ya chini, na mkwaruzo niliouacha kwa mkasi juu yake. Nikamwambia naitaka, nimrudishie nyeupe yake. Badala ya kunijibu akazunguka na kiti akaanza somo lake. Huku, akasema, wako wapiganaji na wapenda mpira. Kule wako wapenda hadithi na mambo ya kubuni. Nyeupe inashinda kwa nguvu, nyeusi inashinda kwa vituko, ila soko linafuata nguvu, dada yangu. Alizunguka huku, akazunguka kule. Nikamuuliza kama nyeupe ina gemu yoyote ya kunyoa kondoo taratibu, kwa mkono. Akafikiri, akanitolea diski yenye mbwa mwitu.

Nilirudia kwamba mashine ni yangu, nilinunua mwenyewe. Akasema yeye hanijui, anamjua yule kaka mwenye nywele nzuri aliyeileta, na bila yeye kufika mwenyewe haitoki. Nikazidi kuchemka. Mashine ni yangu, anayeicheza ni baba yangu, na mwenye kauli ni mtu aliyeibeba chini ya kwapa asubuhi moja tu. Nikamwambia angalau asiiguse mpaka nimlete huyo kaka, ndani yake kuna shamba la mgonjwa.

"Mashamba hayapo tena," akasema. "Mashine ikiingia hapa tunafuta kila kitu kwanza. Ni kondoo tu lakini, dada. Ataanza wengine."

Nikamuuliza pedi iliyovikwa sponji iko wapi. Akasema alidhani ni uchafu, akaivua. Sikumtukana. Nilitoka na mguu mmoja mbele ya mwingine, nikafika barabarani ndipo nikagundua nalia, nalia kwa hasira, katikati ya watu wenye shughuli zao. Mwalimu Mkuu, Fundi Saa, Kichogo. Baba alikuwa amewatoa mmoja mmoja kwenye kichwa kilichopigwa kiharusi, kila jina limemgharimu jasho.

Nilimpigia Bosi simu nikamtaka aje. Alikuja Jumapili alasiri, ametoka moja kwa moja saluni. Hili nalo lazima niliseme. Mtoto wa kinyozi huyu hunyolewa saluni yenye viyoyozi, na kichwa chake anakitunza kuliko gari: pembeni pamechongwa mstari, juu mawimbi yamelazwa na mafuta, mbele pamekatwa kama kwa rula. Nikamweleza habari ya dukani. Akasema hawezi kwenda kurudisha mashine mpya achukue kuukuu, watamwona hamnazo. Tatizo, akasema, ni kwamba mimi sijui kufundisha. Akavuta stuli mbele ya Baba, akaukamata ule mkono wa kulia, akavikunja vidole kimoja kimoja kwenye pedi nyeupe kwa nguvu, kama anafunga mzigo. Akamshikilia. Kwenye skrini askari akawa anapiga risasi ukutani mfululizo.

Bosi alipoachia, pedi ikaanguka. Akaiokota, akarudia. Ikaanguka. Akageuka kwangu, akasema juu ya kichwa cha Baba:

"Huyu mzee ameshakata tamaa. Tusidanganyane, mkono huu umekwisha."

Nilifungua mdomo kumjibu, na nilikuwa na mengi, lakini Baba alinyanyua mkono wa kushoto nikanyamaza. Akamwonyesha Bosi ile stuli, kisha akaonyesha sakafu mbele ya magoti yake. "Keti," alisema. Halafu akanitazama mimi, akatazama juu ya kabati lilipo sanduku lake la kazi.

Nikalishusha. Humo mlikuwa na shuka lake jeupe limekunjwa vizuri, brashi, poda, na ile mashine yake ya kunyolea ya betri ambayo mimi nilikuwa naichaji kila mara bila kujua kwa nini. Bosi akacheka. Akasema sawa, mwacheni mzee ajifurahishe, akaisogeza stuli akakaa ameyapa kisogo magoti ya Baba kama tulivyokuwa tukikaa utotoni. Nikamfunga shuka shingoni. Hakuwa na wasiwasi wowote. Si alikuwa ameshasema mkono umekwisha? Nikaiweka mashine kwenye kiganja cha kulia cha Baba. Ni nene, ina umbo la ile pedi nilivyoivika sponji, na vidole viliijua. Kwa muda havikufanya kitu. Kisha kidole gumba kikajikunjua, kikatetemeka, kikasukuma swichi. Mashine ikanguruma.

Nilingoja aulize. Maisha yangu yote sijawahi kumwona akishusha mkono bila kuuliza. Hakuuliza. Mkono wa kushoto ulikishika kichwa cha Bosi kikatulia, wa kulia ukashuka kwenye paji la uso, ukapita katikati ya mawimbi yale, polepole, haukukandamiza, ukafuata mviringo wa kichwa mpaka utosini. Mafungu ya nywele yakaanguka kwenye shuka. Nyuma yake ikabaki njia nyeupe iliyonyooka.

Bosi alipeleka mkono kichwani, akapapasa, akaipata ile njia. Aliruka na shuka lake shingoni mpaka kwenye kioo cha ukumbini. Akarudi ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba, mbona umeninyoa hivi? Hata hukuniuliza!"

Baba alizima mashine kwa kidole gumba, kile kile, akaiweka mapajani. Alihangaika na neno kwa muda, tukaliona linapanda. Lilipotoka, lilitoka zima.

"Uliniuliza?"

Nilitegemea kufurahi, na kidogo nilifurahi, sitaficha. Ila nilimwona Bosi akiacha kushika kichwa chake. Alikuwa anautazama ule mkono, ambao uliminya, ukashikilia, ukanyoosha mstari kuliko saluni yake, na nadhani ndipo alipoona alichokibeba kwapani asubuhi ile na kukipeleka dukani. Alilivua shuka, akalikunja vibaya. Akachukua kofia yangu ya karakana iliyojaa nyuzi na vumbi la sponji, akaivaa mpaka masikioni, akachomoa mashine nyeupe ukutani, akatoka nayo.

Alirudi na nyeusi kabla jua halijazama, na diski zake kwenye mfuko. Hakuniomba radhi. Mimi mwenye mashine mpaka leo sijaombwa radhi, na nimeliweka hilo moyoni, bado linaniuma. Nilikuwa nimeshakata sponji mpya nikaivika pedi, safari hii nikashona na uzi wa makochi ili asije mjinga mwingine akaivua. Tukawasha. Shamba likaja tupu, nyasi na uzio na kondoo mmoja tu wa kuanzia, ambaye hajui lolote.

Gemu ikauliza jina la kondoo. Nikamgeukia Baba nikamtajia Mwalimu Mkuu, Fundi Saa, nikidhani atataka kuwarudisha wake. Akatikisa kichwa. Akamnyooshea kidole kaka yangu, aliyekuwa amekaa sakafuni na kofia yake. Nikaandika: Bosi. Yule kondoo akapanda mezani, akasimama na sufu yake nene, akatutazama.

Baba akaishika pedi. Kidole gumba kikakaa juu ya kitufe, kisibonyeze.

"Nikunyoeje?" aliuliza, na hakuwa anatazama skrini.

Bosi aliinamisha uso, akaivuta kofia chini zaidi. Nilidhani atanyanyuka aondoke zake. Baba akangoja. Alingoja kama alivyowangoja watu wote, na kondoo naye akangoja, na kidole hakikugusa kitu mpaka mwanawe alipojibu, kwa sauti ya mtoto, kwamba apunguzwe kidogo tu, baba, na pembeni pasiguswe.